Kabla Mbeleko Haijauzwa: Karatasi, Vipimo na Lebo kwa Anayeshona Vifaa vya Watoto Marekani

Nashona mbeleko za pete, yaani kitambaa cha begani kinachokazwa kwa pete mbili, hapa Columbus, Ohio, katika chumba cha chini ya nyumba yetu, chenye cherehani mbili na meza ya kukatia aliyoniundia mume wangu. Nimezaliwa Tanga. Nilibebwa kwa kanga, nikabeba wadogo zangu kwa kanga, na kwetu mbeleko ni kitu cha heshima: siku ya ndoa upande wa mume hutoa ubeleko, fungu la mama kwa ajili ya mgongo uliombeba binti. Kwa hiyo nilipoanza kuuza sikuwa na wasiwasi na mikono yangu. Nilichokuwa sikijui ni karatasi.

Siku hizi naandikiwa na mafundi wenzangu wa Texas, Kentucky na Minnesota, wengine wametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wakiwa na ufundi tayari, wanauliza: dada, ili niuze vitu vya watoto bila kuvunja sheria, nianzie wapi? Nimejibu kwa vipande vipande mara nyingi. Hapa naandika yote kwa mkupuo mmoja, nikifuata mbeleko kwa sababu ndiyo ninayoishona, na nikigusia vitu vingine kadiri vinavyohusika.

Andika sentensi moja kabla hujakata kitambaa

Kanga ukiiuza kama kanga ni vazi la mtu mzima. Kanga hiyohiyo ukiiandikia "mbeleko ya mtoto", ukaipiga picha iko begani mwa mama na kichanga ndani yake, ukatia na karatasi ya kufundisha namna ya kuifunga, umeshaigeuza kuwa bidhaa ya mtoto. Sheria haiangalii kitambaa peke yake. Inaangalia mtengenezaji mwenyewe anasema kitu ni cha nani, kimefungashwa na kutangazwa vipi, watu kwa kawaida wanakitambua kuwa cha umri gani, na miongozo ya umri ambayo wataalamu wa serikali wameiandika. Maneno yako ni sehemu ya bidhaa.

Wanaosimamia ni Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, CPSC. Sheria kubwa inaitwa CPSIA, ilisainiwa tarehe 14 Agosti 2008. Mwaka mmoja kabla yake, mamilioni ya vitu vya kuchezea vilirudishwa kutoka madukani na majumbani kwa sababu rangi yake ilikuwa na madini ya risasi. Wazazi walikasirika, Bunge likabana, na tangu hapo bidhaa ya mtoto wa miaka 12 kushuka chini haiuzwi mpaka ipimwe na iwe na cheti.

Sentensi yangu mimi ni hii: "Mbeleko ya pete, kwa mtoto wa pauni 8 hadi 35, inayovaliwa mbele au ubavuni." Neno "mgongoni" halimo, kwa kuwa maelekezo yangu hayafundishi kubeba mgongoni, na siwezi kuahidi jambo nisilolifundisha. Ukishaipata sentensi yako, kila kanuni utakayoitafuta utaitafuta kwa maneno hayo. Kwa mbeleko ya kitambaa, ya pete au ya kuzungusha, kanuni ni 16 CFR 1228 (CFR ni mkusanyiko wa kanuni za serikali kuu ya Marekani). Ile yenye mikanda na vifungo vyake, inayomshika mtoto wima, ina kanuni yake nyingine, 16 CFR 1226. Ukitaja namba isiyo yako, maabara itapima kitu ambacho hukukishona.

Kuna vitu ambavyo namshauri anayeanza aviache. Mito ya kuzungushia ndani ya kitanda cha mtoto imepigwa marufuku kabisa tangu Novemba 2022, kwa sheria iliyosainiwa Mei mwaka huohuo, hata kama umeiona sokoni na hata kama mteja anakubembeleza. Mito ya kumlaza au kumwegemeza kichanga, na ile ya kunyonyeshea, sasa ina kanuni zake zenye vipimo vizito. Nguo za kulalia za watoto zina masharti ya moto ambayo kitenge cha kawaida hakiyafikii. Kilicho nje ya masharti hayo ni nguo ndogo za hadi miezi 9 zisizozidi vipimo vilivyowekwa, na zile zinazobana mwili. Na shanga. Najua kwetu mtoto huvishwa shanga kiunoni, nami nilivishwa. Lakini ushanga uliokatika ni kitu kidogo mdomoni mwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na sheria inakataza bidhaa ya umri huo yenye kipande kinachoingia kwenye silinda ndogo ya kupimia, yenye upana wa milimita 31.7. Sishoni ushanga kwenye kitu chochote cha mtoto, wala sibandiki kifungo cha urembo.

Kitambaa: maneno ya kanga ndiyo yaliyonipeleka mbali

Mwili wa mbeleko yangu ni pamba nzito iliyofumwa. Kanga naishonea kwenye mkia unaoning'inia na kwenye mfuko, ili lile jina lisomeke. Kwa hiyo nina vitambaa viwili, na kila kimoja kina habari yake.

Anza na risasi. Kikomo ni sehemu 100 kwa milioni katika kila kipande ambacho mtoto anaweza kukifikia kwa mkono au mdomo. Kwa rangi ya juujuu iliyopakwa ni sehemu 90. Kwa bahati, CPSC imekubali kwamba nguo za pamba, kitani, sufu na nyuzi nyingi za viwandani, ziwe zimetiwa rangi au hazijatiwa, hazivuki kikomo hicho, kwa hiyo hazihitaji kupelekwa maabara kwa ajili ya risasi. Orodha yake iko kwenye 16 CFR 1500.91. Isome mwenyewe mpaka mwisho, kwa sababu msamaha huo unaacha nje chochote kilichochapwa juu ya nguo baada ya kufumwa. Kanga ni nguo ya kuchapwa. Pindo, mji, na lile jina lake, "Nani kama mama", vyote vimechapwa.

Nilikaa na hilo wiki nzima. Nilichukua kanga tatu nikazifua, nikazikausha, nikazilaza mezani chini ya taa na kuzikwangua kwa ukucha penye herufi nyeusi. Mbili zilikuwa rangi imezama mpaka upande wa pili, hakuna kilichotoka. Ya tatu herufi zilikuwa kama ngozi nyembamba juu ya uzi. Ukikunja nguo zinapasuka, ukikwangua unapata unga mweusi kwenye ukucha. Ile ya tatu nimebaki nayo jikoni. Ukucha si kipimo cha kisheria na haukupi cheti, lakini unakuonyesha ni kitambaa gani usipoteze hela kukipeleka maabara.

Kisha moto. Nguo nyepesi huwaka upesi, na kanuni ya 16 CFR 1610 inataka kujua upesi kiasi gani. Kitambaa chenye uso wa kawaida, kisicho na manyoya, kikifika uzito wa wakia 2.6 kwa yadi ya mraba, kimesamehewa kupimwa. Hizo ni kama gramu 88 kwa mita ya mraba. Mizani ya jikoni inatosha kukupa picha. Kanga yangu ina urefu wa sentimita 150 na upana wa 110, yaani mita za mraba 1.65, kwa hiyo isipungue gramu 146 hivi. Pima baada ya kufua, kwa sababu kanga mpya ina wanga, na wanga huo unaongeza uzito utakaoondoka na maji ya kwanza. Yangu ilikuwa gramu 214 mkavu. Niliandika namba hiyo kwenye daftari pamoja na tarehe na nikabandika kipande cha nguo pembeni.

Kama una kitu cha plastiki kinachomsaidia mtoto wa miaka mitatu kushuka chini kulala, kula, kunyonya au kuota meno, kuna pia zile kemikali za kulainishia plastiki, fithaleti. Zilizokatazwa ni nane, na kila moja isizidi asilimia 0.1. Aproni ya kulia chakula yenye kitambaa cha plastiki inaingia humo. Pamba tupu haina shida hiyo.

Pete ni za kununua. Nunua kwa muuzaji anayetengeneza pete za mbeleko hasa, zisizo na kiungo kilichochomelewa, na umwombe ripoti ya maabara. Kanuni inakuruhusu kutegemea vipimo vya sehemu mojamoja vilivyofanywa na aliyekuuzia, mradi karatasi unazo na zinataja bidhaa ileile uliyonunua. Muuzaji aliyeniambia "usiwe na wasiwasi, kila mtu ananunua hizi" bila kunipa ripoti, nilimshukuru nikaondoka.

Maabara

Maabara lazima iwe kati ya zile zilizokubaliwa na CPSC kwa kanuni hiyo hasa. Kwenye tovuti yao kuna ukurasa wa kutafuta: unaweka namba ya kanuni na nchi, inakutolea orodha. Usiandikie moja. Niliandikia tatu barua ileile, yenye sentensi yangu, picha ya mbele na nyuma, orodha ya kila kitu kilichomo hadi uzi, na swali: kwa bidhaa hii mnapima nini, sampuli ngapi, kwa bei gani? Majibu yalitofautiana karibu mara mbili. Moja iliniwekea na vipimo vya vitu vya kuchezea, ambavyo mbeleko haivihitaji. Ukijua kanuni zako unaweza kusema kwa adabu, hiki ondoeni.

Wanachofanya na mbeleko ni kuitundika na uzito mkubwa kuliko mtoto, kuidondoshea uzito mara nyingi mfululizo kama mama anayetembea, na kuangalia kama kitambaa kinateleza kwenye pete, kama mshono unafunguka, kama mdoli wa kupimia anaweza kutoka. Wanajaribu pia kubandua lebo ya onyo. Sampuli hazirudi zikiwa nzima, kwa hiyo zihesabu kwenye gharama.

Kabla ya kutuma, jipime mwenyewe nyumbani. Mimi nilitundika mbeleko kwenye boriti na mfuko wa mchele wa pauni 50 ndani yake, ikalala hivyo usiku kucha, asubuhi nikaweka alama ya chaki kuona kama kitambaa kimesogea kwenye pete.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu mafundi wa vitenge linatuumiza kuliko wengine. Cheti kinahusu bidhaa iliyopimwa. Ukibadilisha kitu kinachoweza kugusa usalama wake, kitambaa, pete, uzi, hata mahali pa kushonea, hayo ni mabadiliko ya msingi na sehemu hiyo inapimwa upya. Sisi tunapenda kila mbeleko iwe na rangi yake; sheria inapenda zote zifanane. Nimepatanisha hivi: mwili wa mbeleko ni pamba moja tu, kutoka kwa muuzaji mmoja, rangi nne. Kanga ya mkia haibebi uzito wowote, kwa hiyo ikibadilika vipimo vya kubeba havirudiwi, nabaki na swali la rangi na la moto tu. Na kanga nanunua doti nyingi za aina moja kwa wakati mmoja. Ukianza na mitindo 12, utakwama. Anza na mmoja.

Ukizalisha chini ya vipande 10,000 vya bidhaa moja bila kubadilisha kitu, hutakiwi kurudia vipimo kila mwaka kama viwanda vikubwa. Ripoti zitunze miaka mitano.

Cheti hakina mhuri

Hapa ndipo watu wengi wa kwetu wanapopotea. Tumezoea cheti ni kitu unachokifuata ofisini, unakaa kwenye benchi, unalipia, kinapigwa mhuri. Cheti cha bidhaa ya mtoto, CPC, hakitolewi na serikali. Unakiandika mwenyewe, kwa Kiingereza, kwa kutegemea ripoti ya maabara, na jina lako ndilo linalosimama pale. Duka linalochukua bidhaa yako lazima ulipatie, na CPSC wakikiuliza lazima kiwepo.

Kina mambo saba. Bidhaa yenyewe, ikielezwa vya kutosha ili isichanganywe na nyingine. Kila kanuni inayohusika, kwa namba yake. Jina na anwani ya mtengenezaji wa humu nchini, au mwagizaji kama imetoka nje. Mtu anayetunza rekodi za vipimo, na mawasiliano yake. Tarehe na mahali ilipotengenezwa. Tarehe na mahali ilipopimwa. Jina la maabara. Kwenye kipengele cha pili usiandike "inakidhi sheria zote". Cheti changu cha kwanza kiliandikwa hivyo na mwenye duka alinirudishia. Taja moja moja, na ile uliyosamehewa, andika msamaha huo unatoka wapi.

Kama dada yako Dar ndiye anayeshona na wewe unapokea mzigo, mwagizaji ni wewe, na cheti ni chako. Kanuni mpya iliyotolewa Januari 2025 imeweka tarehe 8 Julai 2026 kuwa mwanzo wa kutuma taarifa za cheti kwa njia ya kielektroniki pamoja na za forodha, hata kwa vifurushi vidogo. Panga hilo na wakala wako kabla mzigo haujaondoka.

Lebo, daftari, na simu ya saa tatu usiku

Kila bidhaa ya mtoto iwe na alama ya kudumu, juu ya bidhaa yenyewe na juu ya kifungashio, inayosema nani katengeneza, wapi, lini, na mkupuo upi, yaani fungu lipi lililoshonwa pamoja. Yangu ni utepe wa sentimita 6 ulioshonewa ndani ya mshono wa pembeni: jina la biashara, Columbus, Ohio, mwezi na mwaka, na namba ya mkupuo, kama 07. Utepe wa kwanza niliuchapa kwa printa ya kawaida, nikaushona kwenye kitambaa cha majaribio na kukitia kwenye mashine na nguo zetu za wiki. Ilipofuliwa mara ya sita, namba ilikuwa imefifia. Nikanunua utepe wa wino wa joto. Lebo yako ifue kabla hujaiuza.

Namba hiyo haina maana bila daftari. Langu ni la kawaida, la mistari, la kununua dukani. Kila mkupuo una ukurasa wake: vipande vingapi, kitambaa kimetoka robota lipi, uzi koni ipi, pete za risiti gani, cherehani ipi, nimeshona siku gani, kila kimoja kimekwenda kwa nani. Naandika papo hapo, wakati nashona, na kama kuna kilichotokea naandika pembeni.

Jumatano moja ya Februari, saa tatu usiku, simu iliita. Mama wa Dayton.

"Dada, samahani kwa usiku huu. Ile mbeleko, uzi wa kwenye pete unaachia."

Nilimuuliza mtoto yuko wapi sasa hivi. Amelala, kitandani. Nikamwambia asimbebe nayo tena, hata kwenda sebuleni, na anipigie picha lebo. 07. Nilishuka chini na kufungua daftari. Mkupuo wa 07 ulikuwa wa mbeleko tisa, zote za Jumamosi moja, cherehani ya pili, na pembeni kwa mwandiko wangu: "uzi wa chini unalegea, nimekaza saa nane." Zilizoshonwa kabla ya saa nane mchana zilikuwa na mshono ambao juu unaonekana mzuri na chini haujashika. Zipi hasa kati ya tisa, daftari halikusema. Nilishindwa mimi, katika kazi yangu mwenyewe, na mtoto wa mtu alikuwa anakaa ndani yake.

Sheria inasema ukipata habari kwamba bidhaa yako ina kasoro inayoweza kuleta hatari kubwa, au haifikii kanuni, unairipoti CPSC ndani ya saa 24. Usisubiri mpaka uwe na uhakika wa mia kwa mia, na usisubiri mtu aumie. Fomu iko kwenye tovuti yao, nikaijaza usiku uleule, na mbeleko nyingine zilizokuwa rafuni nikazitoa sokoni. Wana njia ya haraka kwa mwenye biashara aliye tayari kuanza kurudisha bidhaa ndani ya siku 20 za kazi, nami nikaichukua. Kisha nikaanza kuwapigia akina mama. Sita walikuwa wamenirudishia kadi za usajili, ambazo nazieleza hapo chini, wote niliwapata kabla ya saa sita mchana. Wawili niliwapata kwa anwani za malipo. Wa tisa alilipa taslimu kwenye soko la Jumamosi, hakurudisha kadi, na sikuwa na jina lake. Ilichukua siku tatu, ujumbe ukipita msikitini, kanisani na kwenye makundi ya simu ya akina mama wa Kikongo, mpaka alipopatikana. Siku hizo tatu sikula vizuri. Mbeleko yake ilikuwa salama, mshono umekaa. Nilimpa mpya hata hivyo.

Tangu hapo, kila nikibadilisha uzi wa chini nashona kwanza kipande cha majaribio, nakivuta kwa mikono miwili, na nakibana kwa pini kwenye ukurasa wa mkupuo huo.

Kadi ya usajili

Mbeleko iko kwenye kundi la vifaa vya kudumu vya watoto wachanga, pamoja na vitanda, viti vya kulia na vigari. Kila kifaa cha kundi hili lazima kitoke na kadi ya posta iliyokwisha kulipiwa, imebanwa juu ya bidhaa mahali ambapo mnunuzi ataishika atake asitake. Upande wako unachapa jina la bidhaa, namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa. Upande wake anajaza jina na anwani. Lazima pia awe na njia ya kujisajili kwa mtandao au barua pepe. Majina hayo ni ya kumtafutia mtu kukiwa na hatari tu. Hayatumiki kumtangazia biashara, na unayatunza si chini ya miaka sita. Masharti yote yako kwenye 16 CFR 1130.

Kadi hii ina mtoto nyuma yake. Danny Keysar alikuwa na miezi 16 alipokufa Mei 1998 huko Chicago, nyumbani kwa mlezi, kitanda cha kukunja kilipojikunja na kumbana shingo. Kitanda kile kilikuwa kimeshatangazwa kurudishwa miaka mitano nyuma. Mlezi hakujua. Wazazi hawakujua. Wazazi wake, Linda Ginzel na Boaz Keysar, walianzisha shirika la Kids In Danger, na ile sehemu ya sheria ya 2008 inayodai kadi ina jina la mtoto wao. Nikibandika stempu kwenye kadi namkumbuka. Na mnunuzi wa sokoni siku hizi simwachii aende nayo: namwomba aijaze pale mezani, kalamu ninayo, na anayeona ugumu wa Kiingereza namjazia huku akinitajia.

Pamoja na kadi, mbeleko ina onyo la kudumu la kuanguka na kukosa hewa. Mtoto wa chini ya miezi minne anaweza kukosa hewa uso ukibanwa kwenye mwili wako, na walio hatarini zaidi ni njiti na wenye shida ya kupumua. CPSC walitoa tahadhari juu ya mbeleko Machi 2010 baada ya vifo 14 walivyovijua katika miaka 20. Maneno ya lebo ni ya Kiingereza na yamewekwa na kiwango chenyewe, usiyatunge. Lakini hakuna anayekuzuia kuongeza karatasi ya Kiswahili. Yangu inasema: uso wa mtoto uuone bila kufunua kitambaa, kidevu kisilale kifuani, pua na mdomo viwe wazi, ukinyonyesha mrudishe juu akimaliza. Akina bibi zetu walikuwa wanageuza shingo kila hatua kumtazama mtoto, na mimi nimeliandika hilo pia.

Yaliyobaki

Mtengenezaji mdogo ana nafuu, ajisajili nayo kila mwaka. Mapato yake ya mwaka uliopita kwa bidhaa zote za walaji yasizidi kiwango kilichoanza na dola milioni moja na ambacho hupandishwa, na asitengeneze zaidi ya vipande 7,500 vya bidhaa ileile. Usajili ni wa bure kwenye tovuti ya CPSC. Unakuondolea ulazima wa maabara kwa baadhi ya vipimo, kama risasi iliyomo ndani ya kitambaa na pete, lakini haukuondolei wajibu wa bidhaa kuwa salama. Wala haugusi rangi ya juujuu, vipande vidogo, au vifaa vya kudumu vya wachanga. Kwa hiyo mbeleko bado inakwenda maabara. Blanketi la pamba tupu linaweza lisiende kabisa.

Kwa blanketi na nguo weka lebo ya nyuzi, asilimia zake na nchi ilikoshonwa. Ukipenda, badala ya jina la biashara tumia namba ya RN, ya kutambulisha biashara, inayotolewa bure na Tume ya Biashara, FTC. Ukijaza kitu pamba au sponji, uliza jimbo unakouza: Pennsylvania, kwa mfano, wana usajili wao wa vitu vya kuchezea vilivyojazwa. Hapa Ohio nilichukua leseni ya kuuza ya kaunti kwa dola 25, na namba ya kodi ya biashara kutoka IRS, mamlaka ya kodi, ni bure, usimlipe mtu akutafutie. Bima ya bidhaa kata kabla ya soko la kwanza. Masoko mengi hayakupi meza bila hiyo.

Ukikwama, ndani ya CPSC kuna ofisi ya kuwasaidia wafanyabiashara wadogo, na kazi yake ni kujibu maswali kama yako. Andika ile sentensi yako moja, taja namba ya kanuni unayodhani ni yako, bana picha mbili, ya bidhaa na ya lebo, na uulize swali moja kwa barua moja. Mimi kwa mara ya kwanza niliuliza kama mkia wa kanga, usiobeba uzito, unahesabiwa sehemu ya mbeleko. Nilijibiwa ndiyo, kwa kuwa mtoto anaufikia na kuutia mdomoni.